KITABU KIMOJA MIKONONI MWA BWANA NA MTUMWA

Masomo: Kumbukumbu la Torati 30:15-20, Kutoka 21:16, Mathayo 5:14-16

 

Kuna maneno mawili yanayotembea kati yetu, nayo yanatembea pamoja kama mapacha. Neno la kwanza: Marekani ni nchi tajiri na yenye nguvu kwa sababu babu zao waliijenga juu ya Biblia. Neno la pili, ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini: sisi watu weusi tunateseka kwa sababu Noa alimlaani baba yetu Hamu. Vijana wameyaleta maneno haya katika mafundisho, na wengine wanakaribia kuamini kwamba Mungu ana watoto wa mke mkubwa na watoto wa mke mdogo. Jambo hili si dogo. Kijana anayeamini kwamba amelaaniwa hawezi kusali. Atafunga macho tu. Kwa hiyo leo ninaomba tufungue Biblia, tena tufungue na historia, tuone habari yenyewe ilikuwa namna gani.

Tuanze na lile lililo kweli, kwa maana hatupaswi kumnyima mtu haki yake. Ni kweli kabisa kwamba Biblia iliingia sana katika kuzaliwa kwa taifa lile. Mwaka wa 1620 meli iliyoitwa Mayflower ilivuka bahari ikiwa na watu 102 hivi. Karibu nusu yao walikuwa Wakristo waliotoroka kwa sababu mfalme wa Uingereza hakutaka mtu yeyote asali nje ya kanisa la serikali. Biblia iliyopendwa na watu wa namna ile ilikuwa ile ya Geneva, iliyotoka mwaka wa 1560, yenye maelezo pembeni ya kila ukurasa. Mfalme James alichukia maelezo yale. Katika mkutano wa mwaka wa 1604 alilalamika juu ya habari ya wakunga wa Kiebrania katika Kutoka sura ya kwanza, kwa sababu maelezo yalisema kwamba wakunga hawakukosea walipokataa amri ya Farao. Mnaona? Mfalme alielewa vizuri. Mtu akisoma habari ile na kuiamini, kesho atauliza: na amri ya mfalme wangu je?

Walifika wakati wa baridi kali, na karibu nusu ya wote walikufa kabla ya miezi michache kupita. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1630, likaja kundi kubwa zaidi, likiongozwa na John Winthrop. Katika hotuba yake aliwaambia kwamba watakuwa kama mji juu ya mlima, neno la Bwana wetu katika Mathayo 5. Hata leo wakubwa wa Marekani wanapenda sana kulirudia neno lile la mji. Lakini wanasahau hotuba ilimalizika wapi. Ilimalizika katika Torati sura ya 30, pale Musa anapoweka mbele ya Israeli uzima na mauti. Winthrop hakuwaambia kwamba wao ni bora. Aliwaambia kwamba kama hawatashika agano, mataifa yote yatawaona na watakuwa hadithi ya aibu. Mji ulio juu ya mlima hauwezi kuficha hata takataka zake.

Na jambo moja la watu hao ninalipenda, nalisema wazi. Mwaka wa 1647 huko Massachusetts walitunga sheria kwamba kila kijiji chenye nyumba 50 kitafute mwalimu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika. Sababu waliiandika ndani ya sheria yenyewe: Shetani anafurahi watu wasipojua kusoma Maandiko. Wazazi, sikilizeni hilo, hasa ninyi mnaowatoa binti zenu shuleni mapema.

Hata walipoamua kumkataa mfalme walitumia Biblia. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1776 Thomas Paine alitoa kitabu kidogo kilichosomwa mahali pote, na ndani yake alichukua habari ya Samweli, pale Waisraeli walipoomba mfalme na Mungu akachukizwa. (Paine huyo baadaye aliandika kuipinga Biblia, lakini alijua wasomaji wake wanasikia lugha gani.) Mwaka ule ule, walipotangaza uhuru, Benjamin Franklin na Thomas Jefferson waliombwa pamoja na John Adams watafute mchoro wa muhuri wa taifa. Franklin alitaka Musa akinyosha mkono juu ya bahari na Farao akizama na gari lake. Jefferson alitaka wana wa Israeli jangwani, wakiongozwa na wingu na nguzo ya moto. Michoro ile haikukubaliwa, na mwaka wa 1782 wakachagua ndege tai. Lakini angalieni mawazo yao: sisi ndio Israeli, mfalme wa Uingereza ndiye Farao.

Sasa, wapenzi, tukae hapa kidogo.

Mwaka wa 1619, yaani mwaka mmoja kabla ya ile Mayflower, meli nyingine ilifika Virginia ikiwa na watu weusi ishirini na zaidi wa kuuzwa. Watu wale walikuwa wamenyang'anywa kutoka meli ya Wareno iliyopakia watumwa Luanda. Luanda, ndugu zangu! Si mbali, ni jirani zetu. Basi wakati Wazungu wale wanashuka na Biblia mkononi na kuita nchi ile Kanaani yao, ndugu zetu walikuwa wamekwisha kushuka kule kule na kuikuta Misri. Nchi ni moja. Kwa huyu ni Kanaani, kwa yule ni Misri.

Tena msifikiri kwamba hawakujua Maandiko yanasema nini. Mwaka wa 1641 watu wa Massachusetts waliandika kitabu cha sheria zao, na kwa makosa ya kuuawa waliweka pembeni aya za Biblia zinazosimamia kila sheria. Kati ya makosa hayo ni kuiba mtu, nao waliandika Kutoka 21:16, pale Musa anaposema kwamba mwenye kuiba mtu na kumuuza sharti afe. Waliisoma! Waliiandika! Na ndani ya kitabu kile kile cha sheria wakaruhusu kuwa na watumwa, kama ni mateka wa vita vya haki au wageni waliouzwa kwao. Mlango waliufunga kwa mkono wa kuume, dirisha wakalifungua kwa mkono wa kushoto.

Na wenyeji wa nchi, Wahindi wekundu? Mchungaji mmoja, John Eliot, alijifunza lugha yao akafasiri Biblia yote kwa msaada wao. Ilichapwa mwaka wa 1663. Biblia nzima ya kwanza kuchapwa katika Amerika yote haikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa ya lugha ya wenyeji. Wengi wakaamini, wakakaa katika vijiji vyao vya kusali. Halafu mwaka wa 1675 vita vikatokea kati ya Wazungu na makabila mengine, na Wazungu wakawashika hata hao Wakristo, wakawapeleka kwa mamia katika kisiwa kilicho karibu na Boston, wakati wa baridi, bila chakula cha kutosha. Wengi walikufa huko. Walikuwa wanasali kwa Mungu yule yule kama wale waliowafunga.

Katika mji wa Philadelphia kuna kengele kubwa yenye ufa. Iliagizwa mwaka wa 1751, na juu yake wameandika Walawi 25:10, neno la mwaka wa yubile, la kutangaza uhuru katika nchi yote kwa wote wanaokaa ndani yake. Fungueni Walawi mwone: yubile ni mwaka ambao mtu aliyejiuza anarudi kwa jamaa yake. Na siku kengele ile ilipotundikwa, Philadelphia ilikuwa na watumwa. Jefferson, yule wa nguzo ya moto, katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600. Mwaka wa 1790 walipohesabu watu wa Marekani kwa mara ya kwanza, watumwa walikuwa karibu 700,000. Mwaka wa 1860 walikuwa karibu milioni nne. Biblia ilikuwa imeandikwa juu ya kengele, nayo kengele ililia kila siku.

Wengine wataniuliza: lakini si katiba yao ni ya Kikristo? Hapana. Katiba ya mwaka wa 1787 haina jina la Mungu ndani ya sheria zake. Tena inakataza kumpima mtu dini yake kabla ya kumpa kazi ya serikali. Msishangae. Wengi walioomba iwe hivyo ni waamini wenyewe. Roger Williams alifukuzwa Massachusetts kwa sababu alisema serikali isishike dhamiri ya mtu, akaenda kuanzisha mji wa Providence mwaka wa 1636. Wabatisti wa Virginia walitiwa gerezani kwa kuhubiri bila ruhusa ya kanisa la serikali. Watu wa namna ile walijua serikali ikishika Biblia, inaishika kama fimbo. Sisi wa makanisa yaliyozaliwa na Waafrika hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Sasa lile neno la Hamu. Mabwana wa watumwa walikuwa na wachungaji wao, na wachungaji wale walitafuta aya. Walipata Mwanzo sura ya 9. Walifundisha kwamba watu weusi ni wana wa Hamu, na Hamu alilaaniwa awe mtumwa. Fungueni wenyewe, msiniamini mimi. Mwanzo 9:25: Noa alimlaani nani? Alimlaani Kanaani. Hamu alikuwa na wana wanne, Kushi, Misraimu, Putu na Kanaani, na laana ilitajwa juu ya mmoja tu. Wana wa Kanaani walikaa wapi? Mwanzo 10:19 inasema kutoka Sidoni mpaka Gaza. Mimi sijaona Gaza katika Kongo. Na rangi ya ngozi imetajwa wapi katika sura ile? Hakuna. Neno hili lilitumiwa na watu waliokuwa na mashamba ya pamba na tumbaku, na waliokuwa wanahitaji kulala usingizi usiku. Sasa wewe unalichukua na kulileta kanisani, unawafundisha watoto wako? Soma Matendo 8. Mtu wa Kushi anakaa garini mwake anasoma nabii Isaya, na Roho anamtuma Filipo akimbie kumfikia. Hakuulizwa laana yo yote. Alibatizwa.

Tena, kama Biblia ilikuwa upande wa mabwana, kwa nini waliiogopa? Mwaka wa 1807 huko London ilichapwa Biblia kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Waingereza, nao walikuwa wameondoa habari yote ya Israeli kutoka Misri. Yusufu aliyeuzwa waliacha; Musa aliyekomboa walikata. Na katika majimbo ya kusini ya Marekani, hasa baada ya mtumwa mhubiri Nat Turner kuongoza uasi mwaka wa 1831, walikaza sheria za kukataza mtu mweusi asifundishwe kusoma. Kumbukeni ile sheria ya 1647 iliyosema Shetani ndiye anayependa watu wasijue kusoma Maandiko. Basi hao nao walikuwa wanafanya kazi ya nani?

Frederick Douglass alikuwa mtoto mtumwa katika mji wa Baltimore. Mke wa bwana alianza kumfundisha herufi, bwana akamkataza kwa ukali. Mtoto akaelewa kwamba kitu kinachoogopwa namna hiyo sharti kina nguvu, akaendelea kujifunza kwa siri. Alipokuwa kijana alianza shule ndogo ya siku ya yenga ili kuwasomesha watumwa wenzake Agano Jipya. Viongozi wa kanisa la Wazungu waliwavamia kwa fimbo, wakawatawanya. Alianza tena mahali pengine, akapata wanafunzi zaidi ya 40. Akatoroka mwaka wa 1838, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1845 alisema wazi kwamba anaupenda Ukristo wa Kristo, na kwa sababu hiyo hiyo anauchukia Ukristo wa wale wanaowapiga wanawake mijeledi.

Na Richard Allen, huyu mumjue. Alizaliwa mtumwa mwaka wa 1760, akanunua uhuru wake kwa kazi ya mikono yake, akahubiri. Katika kanisa moja la Philadelphia yeye na wenzake walikuwa wamepiga magoti wanasali, na wasimamizi wakaja kuwainua kwa nguvu kwa sababu wamekaa mahali pa Wazungu. Mwenzake aliomba wangoje sala imalizike. Walikataa. Sala ilipokwisha wote walisimama wakatoka nje pamoja. Mwaka wa 1794 walifungua nyumba yao ya sala, Bethel, na mwaka wa 1816 makanisa ya watu weusi ya miji mbalimbali yaliungana, Allen akawa askofu. Hawakuiacha Biblia mle ndani pamoja na wasimamizi. Walitoka nayo.

Mwaka wa 1850 serikali ilitoa sheria kwamba mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa bwana wake, hata akikamatwa katika jimbo lisilo na utumwa, na raia wakiitwa sharti wasaidie kumkamata. Na Torati 23:15 inasema nini? Inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbilia kwako. Basi kila Mkristo wa Marekani alilazimishwa kuchagua, na hapakuwa na mahali pa katikati. Wengine waliwaficha watu katika nyumba zao usiku. Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka mwaka wa 1849, alirudi kusini mara nyingi kuwatoa wengine, mpaka wakamwita Musa. Ule mchoro wa Franklin uliokataliwa, mwanamke asiyejua kusoma ndiye aliyeufanya kwa miguu yake.

Makanisa makubwa yalipasuka. Wametodisti mwaka wa 1844, Wabatisti mwaka wa 1845, kwa sababu ya utumwa. Wabatisti wa kusini walingoja mpaka mwaka wa 1995 ndipo wakaomba msamaha, miaka 150. Walioombwa msamaha walikuwa wajukuu wa wajukuu. Halafu vita vya mwaka wa 1861 mpaka 1865, vilivyoua watu zaidi ya 600,000. Tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka wa 1865 rais Abraham Lincoln alisimama kuapa mara ya pili, na watu walingoja asifu ushindi. Badala yake alisema kwamba pande zote mbili zinasoma Biblia ile ile, zinasali kwa Mungu yule yule, kila upande ukiomba msaada juu ya mwenzake. Na kwamba huenda Mungu ameleta vita hivi juu ya kusini na kaskazini pamoja, ili kila tone la damu lililotolewa na mjeledi lilipwe. Mimi katika historia yote ya taifa lile sijui mahali pengine ambapo mkubwa wa nchi alisoma Biblia vizuri kama pale. Hakuifanya muhuri wa taifa lake. Alikubali imhukumu. Siku 41 baadaye alipigwa risasi.

Kwa hiyo mtu akisema Biblia ilijenga Marekani, muulize: mikononi mwa nani? Biblia haikuwa jiwe la msingi lililokaa kimya chini ya nyumba. Ilikuwa shahidi ndani ya nyumba, na mara nyingi waliomsikia ni wale waliolala jikoni. Miaka mia baada ya vita, alikuwa bado mchungaji mweusi, Martin Luther King, aliyewaletea nabii Amosi mbele ya watu zaidi ya 200,000 huko Washington, mwaka wa 1963. Na usiku wa kabla ya kuuawa kwake, mwezi wa 4 mwaka wa 1968, alisema juu ya Musa mlimani, akiona nchi asiyoingia.

Nimalize na habari inayotuhusu sisi wenyewe. Mwaka ule ule wa 1865 vita vilipokwisha, mtoto mweusi alizaliwa Virginia, jimbo lile ambalo watu wa Luanda waliuzwa. Jina lake William Sheppard. Alisoma, akawa mchungaji Mpresbiteri, akaomba kutumwa Afrika. Wakubwa wa kanisa lake hawakutaka kumtuma mtu mweusi peke yake. Walingoja mpaka akapatikana kijana mzungu, Samuel Lapsley, wakawatuma pamoja mwaka wa 1890. Mwaka wa 1891 walifika Luebo, katika Kasai. Lapsley alikufa mwaka wa 1892, Sheppard akabaki, akajifunza lugha ya Wakuba, akafika mpaka kwa mfalme wao.

Mwaka wa 1899 alitumwa na misioni kuangalia vijiji vilivyochomwa na wapiganaji wa kukusanya kodi ya Bula Matari. Aliwakuta kambini mwao. Juu ya moto walikuwa wanakausha mikono ya watu. Aliihesabu mmoja mmoja: mikono ya kuume 81. Akaandika hesabu hiyo, nayo ikafika Ulaya na Marekani. Mwaka wa 1908 aliandika tena, namna Wakuba walivyokuwa zamani na namna kampani ya mpira ilivyowaharibu. Kampani ikamshitaki. Mwaka wa 1909 alisimama mbele ya tribinali Léopoldville, mjukuu wa watumwa, katika nchi ambayo mababu wa wengine walichukuliwa. Tribinali ilimwachilia, na kampani ikaamriwa kulipa gharama.

Siku ya yenga ijayo baada ya ibada tutasoma Kutoka sura ya 1 mpaka ya 15, ile ambayo wengine waliikata. Vijana watasoma kwa sauti, kila mmoja aya zake. Mwenye Biblia aje nayo, asiye nayo akae karibu na mwenzake.